Jedwali la Lenah

3 Aprili

Mvua za masika zimeanza jana alasiri, na leo tumeletewa muuguzi mpya. Anaitwa Lenah, ametoka Kisii, na amefika zahanati amelowa chepechepe kwa sababu koti lake la mvua amelivisha begi. Nikampa leso yangu ajikaushe. Akafuta mikono, akafungua begi, akatoa kompyuta, akaifuta pande zote, kisha ndipo alipokumbuka uso wake.

Daktari Chirau, msimamizi wetu, amemtembeza chumba kwa chumba, mpaka stoo. Mimi ni mkunga hapa tangu binti yangu Yusra alipokuwa akitambaa, na sasa yuko sekondari. Sikumbuki kutembezwa na mtu.

Leso imerudi na wino wa kalamu iliyovuja begini mwake.

7 Aprili

Daktari ametuita chumbani mwake tukafundishwe kompyuta. Lenah akaiweka mezani, akatuonyesha kitu kinachofanana na karatasi ya mraba mraba, ila ukiishusha haifiki mwisho. Daktari anaiita lahajedwali, kwa sauti ya mtu aliyelikariri neno jana. Lenah anasema jedwali tu.

"Sista Husna, ni rahisi sana," akaniambia. "Kila kijumba hiki ni seli. Ukienda hivi kulia, huu mstari ni mama mmoja. Jina lake, kijiji chake, simu yake, tarehe yake ya hedhi ya mwisho. Ukishuka chini, hii safu ni jambo moja la kina mama wote. Kwa hiyo mstari ni mtu. Hatuukati."

Kisha akaandika tarehe ya hedhi, akabonyeza, na kwenye seli ya pili tarehe ya kujifungua ikajitokeza yenyewe. Hiyo inaitwa fomula: unaiagiza mara moja, inakuhesabia siku zote. Daktari akapiga makofi.

"Mimi hiyo naihesabu kwa vidole," nikasema.

"Na ukienda likizo, hivyo vidole utatuachia?" akasema Daktari.

Wakacheka wote, hata mfagiaji aliyesimama mlangoni. Lenah peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nia yake ni njema, siwezi kusema uongo. Kila masika kijito cha njia ya Bodo hufurika, na kina mama wa upande ule hukwama huko na uchungu wao. Jedwali litampaka rangi nyekundu kila anayekaribia, naye atapigiwa simu mapema aje akae nyumba ya kusubiria kule Msambweni, karibu na hospitali. Nyumba hiyo ipo miaka mingi, na kina mama wamekuwa wakienda. Nani alikuwa akiwaambia waende? Mimi.

9 Aprili

Mvua. Majina matatu yamekuwa mekundu, Lenah amepiga simu, wote watatu wamekuja. Daktari amesema, "Ajabu!" Nami nimewaita wanawake wa kata hii tangu simu za kubonyeza, wakaja, na sijasikia mtu akisema ajabu.

14 Aprili

Leo kliniki ilijaa. Kadzo wa Bodo alikuja, tumbo limekuwa kubwa. Huyu namjua kuliko wote. Mimba yake ya kwanza alipasuliwa, na mtoto hakuishi juma. Nilikaa naye kitandani, nikamkamua maziwa yaliyokosa wa kunyonya, nikamfunga kifua kwa kanga. Mama aliyepasuliwa kwa namna ile hasubiri uchungu nyumbani. Lazima awe hospitali kabla. Nimemwambia mara nyingi, naye ameshika.

Kwa desturi akifika hunitafuta mimi. Leo nilimkuta kwa Lenah, wameinamia kompyuta pamoja.

"Dada Husna, njoo uone!" akaniita. "Mimi ni mstari wa arubaini. Nikigeuka mwekundu nitapigiwa simu."

"Mashallah," nikasema, nikaenda kutafuta kipimo cha presha ambacho nilikuwa nimekishika mkononi.

20 Aprili

Nyumbani nako hakukaliki. Mume wangu Luqman ni mwalimu, na ndiye katibu wa kombe la vijiji. Jumapili huwa natandaza karatasi kubwa sebuleni, yeye akiandika nani kafunga nani, mimi nikimsomea. Leo alimwalika Lenah.

Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Wao wakakaa na kompyuta. Lenah akamfundisha: andika tu mabao, pointi zijijumlishe, timu zijipange zenyewe juu na chini. Luqman akaandika kuwa Bodo wamefunga mawili, na timu ikaruka kutoka chini ikapanda juu. Jamani, kicheko alichocheka! Sijakisikia kicheko kile tangu tulipokuwa tukichumbiana.

"Husna, hebu ona! Inapanda yenyewe!"

"Naona," nikasema, nikiwa na sufuria.

Yusra naye akataka ratiba ya masomo yenye rangi. Lenah akamtengenezea, kila somo na rangi yake, akamwonyesha vilevile namna ya kuweka bei za vitu vya shule na kuona jumla inafika wapi. Walipomaliza mtoto akasema mbele yangu kwamba akimaliza shule anataka awe kama anti Lenah.

Lenah alikula sana, akasifu chakula, akaosha vyombo kabla sijamzuia. Nilitafuta kosa lake jioni nzima, nikalikosa. Ni vigumu kumchukia mtu wa namna hiyo. Inabidi ufanye bidii.

21 Aprili

Nimefanya bidii.

25 Aprili

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi naona mwenyeji anaugua. Kina mama wakiniuliza kitu sasa nawajibu, "Muulizeni Lenah, kompyuta inajua." Zamani nikilala najua nani yuko mwezi gani na anaishi nyuma ya nyumba ya nani. Nimeacha kuwafuatilia. Kama mashine inawajua, na iwajue.

28 Aprili

Lenah ameitwa Kwale, makao makuu ya kaunti, akaeleze jedwali lake kwa wakubwa. Ameondoka asubuhi amevaa viatu vya kisigino, akipanda kilima na matope yote haya. Mimi sijawahi kuitwa Kwale ila kujaza nafasi kwenye semina.

Mchana Daktari akatoka mbio chumbani. Gari la wagonjwa lingepita Bodo kabla mvua haijazidi, na dereva alitaka majina ya wanaokaribia. "Lenah hayupo. Tungoje kesho?"

Tungoje kesho! Kana kwamba zahanati hii ilianza Aprili.

"Nitayatoa mimi," nikasema.

Nikafungua kompyuta ile iliyobaki ofisini. Majina yalikuwa yamevurugika, mwingine kakaribia, mwingine bado. Nilishamwona Lenah akiyapanga kila asubuhi: anachagua, anabonyeza mahali, wa karibu wanapanda juu. Basi nikaichagua safu ya tarehe za hedhi, nikabonyeza pale. Likatokea sanduku la maneno la kuuliza uliza. Nikabonyeza jibu mojawapo ili liondoke. Tarehe zikajipanga vizuri, za zamani juu, za karibuni chini. Rangi nyekundu ikakusanyika kileleni. Nikahifadhi. Nikanakili majina ya juu kwenye karatasi, nikampelekea dereva mwenyewe, kwa mkono wangu.

"Haya! Kumbe na wewe umo," akasema Daktari.

Nimetembea kurudi nyumbani huku mvua ikinyesha, na sikufungua mwavuli.

29 Aprili

Lenah karudi. Asubuhi alipanga jedwali lake kama ada, akapiga simu zake. Nilimtazama aone kazi yangu. Hakuona kitu. Alisimulia habari za Kwale mpaka chai ikapoa.

2 Mei

Leo nimepata furaha, na si furaha ya kuandikwa, lakini daftari hili ni langu.

Mwanasha, mke wa muuza nazi, ameletwa na gari kutoka upande wa Bodo akae nyumba ya kusubiria. Tumbo lake ni dogo kama aliyeshiba tu! Alikuja kwangu amekunja uso. "Sista, mimi hata mtoto hajaanza kucheza. Nimeacha kuku wangu nimekuja kusubiri nini?"

Nikamwambia aende nyumbani, kompyuta imekosea. Ah, utamu wa maneno hayo! Mashine ya Lenah imekosea. Mashine iliyopelekwa Kwale kwa kisigino imekosea.

Nilipaswa kumwambia Lenah. Alikuwa chumba cha pili, nilimsikia akicheka na mama mmoja. Nikajiambia, na aendelee, atajikwaa mwenyewe mbele ya watu, tena mahali peupe. Ikanipitia kichwani, kama nzi, siku ile niliyobonyeza mimi. Nikaifukuza.

3 Mei

Mvua mchana kutwa.

4 Mei

Mvua. Paa la jikoni linavuja. Luqman na jedwali lake.

6 Mei

Nilikuwa soko la Msambweni nachagua nyanya nikasikia, "Dada Husna, shikamoo." Kadzo. Amekuja na wifi yake kununua nguo za mtoto.

"Marahaba. Hujambo mamangu?"

"Sijambo, ila nina swali. Kitabu changu cha kliniki kinaonyesha nimekaribia. Lakini sijapigiwa simu. Mamangu mkwe anasema wanaokaribia wanapigiwa, na mimi sijapigiwa, basi kitabu kimekosea. Mimi nifuate lipi?"

Nilikuwa na nyanya mbili mkononi. Ningeweza kumshika tumbo pale pale, ningejua. Ningeweza kumwambia, usirudi Bodo, njoo ulale kwangu. Zamani ningesema hivyo bila kufikiri. Lakini nilimkumbuka alivyokuwa ameinamia kompyuta ile na kuniita nikaone mstari wake.

"Muulize Lenah," nikasema. "Si ndiye mwenye jedwali?"

Akanitazama kidogo. "Haya, dada."

Wifi yake akampigia Lenah simu pale pale, akaweka spika. Nilimsikia Lenah akitafuta, kisha akisema kwa sauti yake ya upole kwamba bado, jedwali linaonyesha bado sana, asiwe na wasiwasi, ila akisikia lolote apige. Kadzo akatabasamu, akaniaga, akaenda.

Nyanya nilizonunua zilikuwa mbovu, sikuziangalia.

11 Mei

Nitaandika, kwa sababu nisipoandika nitaanza kujisimulia kwa namna nyingine.

Asubuhi, tulipokuwa tunafungua madirisha ya zahanati, simu ya Lenah ikalia. Alikuwa Boga, mume wa Kadzo, mtunza bustani wa hoteli moja Diani, kwa bahati yuko nyumbani. Kadzo ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Lenah akasema, "Haiwezekani, bado ana miezi," huku akikimbilia kompyuta. Mimi nilikuwa nimekwisha beba mkoba wa kuzalishia. Mwili wangu ulijua kabla yangu.

Daktari akaita gari la wagonjwa. Dereva akajibu kijito kimevunja njia, hapiti mtu. Tukapanda pikipiki mbili mimi na Lenah mpaka ukingoni, tukashuka, tukaingia majini. Vijana wa pale walikuwa wamefunga kamba mti hata mti. Maji yalinifika kifuani. Lenah hajui kuogelea. Nimemwona akifumba macho na kushika kamba, mkoba wa dripu juu ya kichwa, midomo ikisali. Hakurudi nyuma. Hata katika maji yale, Mungu anisamehe, nilitamani arudi nyuma.

Kadzo tulimkuta kitandani, mkwewe amemshika mgongo. Nikaweka mkono juu ya lile kovu. Tumbo lilikuwa la mimba iliyokamilika. Hata mtu asiye mkunga angeona.

"Dada Husna," akasema, "mbona sikupigiwa simu?"

Nikamwambia Boga atafute boti.

Mbarak, anayepeleka watalii kisiwa cha Funzi, alikuwa ameifunga boti yake ya injini kwenye mikoko kwa ajili ya mvua. Hakuuliza swali. Walimbeba Kadzo kwa godoro. Tukatoka mkondoni mpaka baharini, mvua inatupiga usoni, Lenah amesimama katikati ya boti akiinua dripu juu kwa mkono mmoja, mwingine ameushika ubao. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya Kadzo, nikihesabu mapigo ya mtoto.

Mbele ya Msambweni uchungu ukakatika ghafla. Kadzo akasema, "Alhamdulillahi, umeniachia." Mama asiyejua hushukuru. Mkunga hapo ndipo anapoogopa. Nikamtazama Lenah, naye akanitazama, akajua. Akapiga simu hospitali, akawaambia watayarishe chumba cha upasuaji, kovu limeachia. Sauti yake haikutetemeka. Akamshika Kadzo shavu, akamwimbia kitu cha kwao kwa Kikisii, wala Kadzo haelewi neno, lakini alitulia.

Pwani walikuwa wanatungoja na machela.

Mtoto ni wa kiume. Alikaa kimya, kimya, kisha akalia. Kadzo yuko hai. Lakini kizazi chake kilikuwa kimechanika, na madaktari wamekitoa kumwokoa. Hatazaa tena.

Lenah amekaa chini nje ya wodi, amejiegemeza ukutani, maji yanamtiririka kutoka kwenye nguo. Alikuwa akisema peke yake, "Nilimwambia bado. Mimi nilimwambia bado."

Nilikaa karibu naye.

13 Mei

Boga alikuja zahanati. Si mtu wa makelele, ndiyo maana kila mtu aliogopa. Alisimama mbele ya meza ya Lenah.

"Wewe na komputa yako," akasema. "Mke wangu alikuwa na kitabu. Kitabu kilisema kweli. Ukamwambia bado."

Kina mama walioketi foleni wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Sista Husna hakuwahi kukosea." Mwingine akaitikia, "Hata! Huyu ni wa kwetu."

Maneno niliyoyangoja tangu Aprili ndiyo hayo. Yaliniingia kifuani kama asali. Nikaisikia asali hiyo, nikatoka nje nikajificha nyuma ya tangi la maji.

15 Mei

Lenah hali chakula. Tangu juzi anapekua jedwali. Leo ametuita mimi na Daktari.

"Nimeona," akasema. Macho yamemvimba. Akatandaza vitabu vya kina mama wachache, akalinganisha na kompyuta. "Tarehe za hedhi hazikai na watu wao. Kila mama ana tarehe ya mama mwingine. Mtu akitaka kupanga, anachagua jedwali lote, ili mstari uende pamoja. Akichagua safu moja peke yake, tarehe zinahama, majina yanabaki pale pale. Kompyuta hata huuliza kabla, kuna sanduku linatokea. Mimi napanga kila asubuhi. Kuna asubuhi moja nilichoka, sikumbuki ipi, nikachagua safu moja. Ni mimi."

Daktari akavua miwani, akaivaa tena.

Sanduku la maneno la kuuliza uliza. Nimeliona sasa hivi ninavyoandika, lilivyokuwa, na kidole changu juu yake.

16 Mei

Sijasema.

17 Mei

Sijasema. Luqman ameniuliza mbona chai naitia chumvi.

19 Mei

Leo Lenah alileta barua ya kuacha kazi. Aliiweka mezani kwa Daktari, mimi nikiwepo, akasema gari la Kisii linaondoka Ukunda Alhamisi. Kompyuta aliiweka juu ya kiti, akasema tufute jedwali, turudie kazi ya mikono ya Sista Husna.

Hapo nilikuwa nimepata kila kitu. Kliniki yangu, kina mama wangu, jina langu. Mume wangu asingecheka tena na mtu mbele ya kompyuta. Ilibaki kunyamaza tu, na kunyamaza nimekuwa hodari.

Sijui kilichonifungua mdomo. Nadhani ni viatu vyake. Alikuwa amevaa vile vya kisigino vya Kwale, kwa kuwa vile vingine viliharibika majini siku ya Kadzo.

"Usiende," nikasema. "Si wewe. Ni mimi niliyepanga safu moja, ulipokuwa Kwale."

Daktari akasema, "Sista, kukosea ni—"

"Sijamaliza. Mwanasha aliletwa na mimba changa. Nikajua jedwali limeharibika, nikamrudisha nyumbani kimya. Na Kadzo aliniuliza mimi kwanza, sokoni. Nikamwambia akuulize wewe."

Mvua ilikuwa imepungua, tukawa tunasikia mtoto akilia chumba cha chanjo.

"Kwa nini?" Lenah akauliza.

"Nilitaka ukosee. Nilitaka watu wakuone ukikosea."

"Safu moja hata mimi ningeweza kuikosea," akasema polepole. "Ningekusaidia tukarekebisha, tukacheka. Lakini wewe uliona, Sista. Uliona ukanyamaza, ukaniacha nimwambie yule mama bado." Akachukua barua yake, akaichana mara mbili, akaitia kwenye kikapu. "Sitaenda. Lakini usinipikie tena."

Akatoka. Daktari akanitaka niandike maelezo kwa mkono wangu, yapelekwe kaunti. Nimeyaandika.

20 Mei

Nimemwambia Luqman yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mimi nilikuwa na sehemu katika hilo?" Nikasema, "Ulicheka tu." Amelala amenipa mgongo, lakini hakuhama chumba.

24 Mei

Nimekwenda Bodo. Kijito kimeshuka, maji magotini.

Kadzo ametoka hospitali jana. Alikuwa ameketi kwenye mkeka amelegea, mtoto yuko kifuani ananyonya. Mkwewe akaniletea kigoda, akanikaribisha kwa heshima zote, hajui. Nikakataa kuketi. Nikasema yote nikiwa nimesimama, jedwali, Mwanasha, sokoni. Mkwewe akashika kichwa kwa mikono miwili. Boga akatoka nje.

Kadzo hakuinua macho kutoka kwa mtoto.

"Mimi nilikukosea nini, dada?"

"Hukunikosea."

"Basi ulikuwa umemkasirikia nani?"

"Lenah."

"Na Lenah alikukosea nini?"

Nimetafuta jibu pale nimesimama, nikatafuta njia nzima ya kurudi, na hapa ninatafuta. Leso iliyotiwa wino. Kicheko cha mume wangu. Makofi ya Daktari. Ni vitu gani hivi vya kumwambia mwanamke aliyetolewa kizazi?

"Nenda, dada," akasema. "Nenda sasa, nisije nikatamka neno mbele ya mtoto."

Boga alinifuata mpaka kijitoni. Nilidhani atanipiga. Alishika kamba ikakaza, nikavuka, akaiachia, akageuka kurudi.

2 Juni

Jibu la kaunti limefika. Nimepewa onyo, na nimeondolewa chumba cha uzazi mpaka mwaka uishe. Nitakuwa kwenye mizani na chanjo. Chumba cha uzazi anakishika Lenah. Na nimeamriwa nifundishwe jedwali, na mwalimu ni yeye.

4 Juni

Somo la kwanza. Anafundisha vizuri, hata mtu asiyempenda. Amesema, "Chagua yote. Hapana, yote. Sasa panga." Mistari ikahama mizima mizima, jina na kijiji na tarehe vyote pamoja. Ananiita Sista kama zamani lakini hanitazami usoni.

7 Juni

Idi ya kuchinja. Luqman amegawa nyama ya msikiti kwa jedwali, kila nyumba na mstari wake, wajane juu. Imamu amemsifu. Jirani akauliza nani aliyemfundisha, naye akanitazama kwanza, kisha akajibu, "Dada mmoja wa zahanati."

Nikasikia gere kwa neno "dada" tu. Nimeandika ili nijue.

12 Juni

Jua leo. Nimeanika magodoro.

19 Juni

Mvua zimekwisha, njia ya Bodo imekauka. Kliniki ya watoto ilikuwa na meza mbili, mimi yangu na Lenah yake, kwa sababu watoto ni wengi. Jedwali lipo katikati yetu. Kila mtoto tunayemchanja tunaandika kwenye mstari wake, na tarehe ya kurudi inajitokeza.

Kadzo aliingia katikati ya asubuhi. Amenenepa kidogo, amevaa buibui jipya. Mtoto amefungwa mgongoni, kichwa kinachungulia, nywele tele. Foleni ya Lenah ilifika mlangoni. Mbele ya meza yangu kulikuwa na kiti kitupu.

Nikanyoosha mgongo. Nikasogeza mizani kidogo, nikaweka kanga safi juu yake ili mtoto asishtuke na baridi ya chuma.

Kadzo akakitazama kile kiti. Akanitazama mimi. Akanisalimu kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mpita njia, akaenda kusimama mwisho wa foleni ya Lenah, akimtikisa tikisa mtoto. Zamu yake ilipofika, Lenah alimfungua mtoto, akambusu unyayo, wakacheka wote wawili kwa jambo ambalo sikulisikia.

Gere ikanipanda, ile ile ya Aprili, moto vilevile. Nikaiacha inipande. Kisha nikainua kitabu cha juu kwenye rundo, nikasoma jina la mama, nikaliita kwa sauti. Akaja msichana mmoja mgeni kabisa, mtoto mikononi, hajui ampe nani.

"Mlete hapa, mamangu," nikamwambia. "Anaitwa nani?"